Tuanze na Gemu Gani? PES au FIFA, Mario au Contra, Tekken au Mortal Kombat

Shemeji yangu aliye Nakuru amenunua PS2 ya mtumba, yaani mashine ya gemu ya PlayStation ya pili. Imekuja na pedi mbili, memori kadi moja na bahasha ya CD ambazo nyingi hazina hata jina juu yake. Jioni hiyo hiyo akaniandikia: "Shem, watoto wamenizunguka hapa. Wewe ndiwe unayejua mambo haya. Tuanze na gani?" Watoto wenyewe ni watatu: kifungua mimba ni kijana wa miaka 16, wa kati ni msichana wa miaka 11, na kitinda mimba ndiyo kwanza ametimiza mitano.

Ananiuliza mimi kwa sababu niliendesha kibanda cha gemu Manyatta, hapa Kisumu, pamoja na kaka yangu, tangu 2007 hadi 2014. Kilikuwa chumba cha mabati chenye pazia la leso mlangoni, runinga mbili za inchi 21, mabenchi mawili, na karatasi ukutani: mechi moja shilingi 10. Aliyeshinda alibaki, aliyeshindwa aliinuka. Kwa miaka saba niliwatazama hao walioinuka. Kuna gemu ambazo mtu akishindwa alianza kutafuta shilingi 10 nyingine mfukoni kabla hajafika mlangoni. Kuna nyingine alitoka kimya, na wiki nzima hukumwona. Kwa hiyo nikilinganisha gemu sianzi na picha wala kasi. Nauliza: ukishindwa, gemu hii inakufanyia nini? Naamini hapo ndipo linapotoka jambo la mtu wa miaka 35 kuikumbuka gemu aliyoicheza akiwa na miaka 12.

Mario na Contra

Nianze na kitinda mimba, maana watoto wa umri huo ndio wanaopewa pedi isiyochomekwa popote ili wanyamaze. PS2 haimfai bado. Mnunulie ile mashine ndogo ya plastiki inayochomekwa kwenye runinga, tuliyozoea kuiita TV game, yenye kaseti ya njano iliyojaa gemu nyingi. Bado naziona madukani. Humo ndani hukosi Super Mario Bros. ya 1985, na mara nyingi Contra nayo imo.

Mario ilibuniwa na Shigeru Miyamoto wa Nintendo, na dakika yake ya kwanza ni somo lisilo na neno hata moja. Mario amesimama kushoto, kulia kuko wazi, basi mtoto anaelekea kulia. Anatokea mdudu wa kahawia, mwendo wake wa polepole. Mtoto akimgusa anakufa, na anarudishwa hatua chache tu nyuma. Safari ya pili anaruka. Akiruka, kichwa kinagonga tofali lenye alama ya kuuliza, sarafu inatoka, na tangu hapo hakuna tofali atakaloliacha bila kuligonga. Mpwa wangu mmoja alifika mwisho wa hatua ya kwanza akiwa na miaka minne, hajui kusoma hata herufi. Alirukia mlingoti wa bendera akaushika chini kabisa, akageuka kunitazama kama nimeona.

Ukali wa Mario unakuja baadaye. Una roho tatu, na dunia nane zenye hatua nne nne, jumla hatua 32. Hakuna mahali pa kuhifadhi ulipofika. Roho zikiisha unarudi mwanzo kabisa, na stima ikipotea pia unarudi mwanzo. Lakini kuna siri ambayo ningependa kila mzazi aijue: roho zikiisha usizime mashine. Ikirudi picha ya kuanzia, shikilia kitufe cha A kisha ubonyeze Start, na utaanza kwenye dunia ileile uliyofia, hatua yake ya kwanza. Sisi tuliijua tukiwa tumeshacheza miaka mitatu. Nikifikiria machozi yaliyomwagika bure katika miaka hiyo mitatu, naona haja ya kuiandika hapa.

Contra ni ya Konami, ilianza 1987 kwenye mashine za sarafu, na tofauti yake kubwa na Mario ni kwamba wawili wanacheza kwa wakati mmoja. Katika Mario mmoja anasubiri mwenzake afe. Katika Contra mnakimbia bega kwa bega, kila mmoja na bunduki yake, risasi moja inatosha kukuua. Hatua ya tatu ni maporomoko ya maji. Mnapanda mkiruka kutoka jiwe hadi jiwe, na kadiri wa mbele anavyopanda, ndivyo picha inavyopanda naye. Wewe uliyebaki chini ukiachwa na ukingo wa runinga, umekufa. Hukuuliwa na adui, umeuliwa na haraka ya ndugu yako. Mimi na kaka yangu tuligombana pale kuliko mahali popote pengine utotoni, na pale pale ndipo tulipoanza kuambiana "ngoja" na "sasa." Mpaka leo tukibeba kabati au kitanda pamoja mlangoni, maneno ni hayo mawili.

Kwa mtoto wa miaka mitano, Mario. Inamrudisha karibu akikosea, na hamna wa kumlaumu. Contra isubiri mpaka apate mwenzake wa rika lake, maana akicheza na kaka wa miaka 16 ataachwa kwenye maporomoko kila siku, na hiyo haimfundishi kitu.

PES na FIFA

Hapa ndipo nilipoulizwa zaidi maishani, na ndipo nitakapokaa. Zote mbili ni gemu za soka. FIFA ilikuwa ya EA, kampuni ya Marekani, na ya kwanza ilitoka 1993. PES ilikuwa ya Konami ya Japani. Majina yote mawili yamekwisha: PES iligeuka eFootball mwaka 2021, na EA ilipoachana na shirikisho la FIFA, gemu yake ikaitwa EA Sports FC kuanzia 2023. Lakini bahasha ya shem ni ya PS2, na kwenye mashine hiyo safari iliishia FIFA 14 na PES 2014, zote za mwaka 2013. Kwa hiyo tunazungumzia zile za zamani, ambazo ndizo watu wanazikumbuka kwa mapenzi.

Kwanza vidole. Katika PES unapiga shuti kwa mraba, na mviringo unanyanyua mpira kwa krosi. Katika FIFA ni kinyume: mviringo ni shuti, mraba ni krosi. Unaweza kubadilisha kwenye mipangilio, ila kwenye kibanda hakuna anayekungoja ubadilishe. Mkesha mmoja wa Krismasi tulifanya mashindano ya PES ya watu 16, na fainali ikamkutanisha kijana wetu wa Manyatta na mgeni aliyekuwa amekuja likizo kutoka Nairobi, mtoto wa FIFA. Dakika ya 88, bao moja kwa moja, mgeni akabaki yeye na kipa. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona kidole gumba kikienda kwenye mviringo. Mpira ukapanda taratibu ukaelekea kibendera cha kona. Aliweka pedi chini kwa upole, akaitazama mikono yake. Dakika tatu baadaye alifungwa. Kwa hiyo chagua moja, uzoeshe vidole, halafu ndipo ujaribu nyingine.

Pili, mpira wenyewe. Katika PES za zamani mpira haukuwa umefungwa kwenye kiatu. Ulikuwa unajitenga, unadunda, unamgonga beki kwenye goti na kubadili njia. Ndiyo maana mtu aliyecheza PES anaweza kukusimulia goli alilofunga 2008 kama kwamba lilifungwa uwanjani Mamboleo. Katika PES 6, Adriano wa Inter alikuwa na mguu wa kushoto ambao kipa hakuwa na jibu lake, hata kutoka mita 30. Tulifika mahali tukaweka sheria: ukichukua Inter, Adriano anakaa nje, au mpinzani naye apewe Inter. Na kulikuwa na Master League, ambapo unaanza na wachezaji wa kubuni wasiojulikana: Castolo mbele, Minanda katikati, Ivarov golini, Ximelez pembeni. Hawajawahi kuzaliwa popote, lakini nenda Manyatta leo uyataje majina hayo kwa mwanamume aliyevuka miaka 30, utaona uso wake unavyofunguka. Ulianza na hao wanyonge, ukafungwa mechi tano mfululizo, ukauza mmoja ukanunua mmoja, na baada ya misimu mitatu una timu. Kushindwa kulikuwa sehemu ya hadithi.

Na hata kwenye mechi moja ya shilingi 10, PES ilikufunga bao moja au mawili, na ulijua kosa lako liko wapi: ulimtoa beki mapema, ulipiga pasi bila kutazama. Mtu anayejua kosa lake hurudi. Mimi mwenye kibanda niliipenda pia kwa hesabu: PES inakuuliza dakika za mechi nzima, tano zinatosha. FIFA inakuuliza dakika za kipindi kimoja. Wapya waliojaza "6" kwenye FIFA wakidhani ni mechi nzima walikuta foleni imewasimamia vichwani.

FIFA ilituzidi kwa majina. Konami haikuwa na haki za klabu nyingi, kwa hiyo Chelsea iliitwa London FC na Liverpool ikaitwa Merseyside Red. Sisi tulizoea, lakini nakumbuka mtoto mmoja kutoka Kibuye, shabiki wa Liverpool wa kufa na kupona, alitafuta timu yake kwenye orodha mpaka macho yakajaa maji, na alipoonyeshwa Merseyside Red akakataa kuicheza. Hakuwa na makosa. FIFA ilikupa jezi, viwanja, nembo, na baadaye sauti ya mtangazaji Martin Tyler ileile uliyoisikia Jumamosi kwenye mechi ya kweli. Mwaka 2010 McDonald Mariga wetu alipokuwa Inter, msimu ule waliobeba Ligi ya Mabingwa, kuliona jina lake kwenye kikosi lilikuwa jambo la watu kuitana. Kuna waliomwingiza dakika za mwisho kila mechi, wawe wanashinda au wanashindwa, ili tu jina lisomwe.

Na nikitaja hilo siwezi kuiacha gemu ya Kombe la Dunia ya 2010 ya EA. Haikutoka kwenye PS2. Nilichezea kwa rafiki wa Milimani aliyekuwa na PS3. Ilikuwa na timu za taifa 199, karibu zote zilizoingia kwenye mchujo, na Harambee Stars ilikuwa mojawapo. Ungeweza kuanza nayo kwenye mchujo ukaipeleka Afrika Kusini. Tuliipeleka. Ilituchukua wikendi mbili, tukatolewa na Uruguay kwa penalti, na tulipokuwa tukirudi Manyatta kwa miguu usiku tulizungumza juu ya penalti ile kama watu waliotoka uwanjani. Hakuna PES iliyowahi kunipa kitu kama hicho, pamoja na mapenzi yangu yote kwa PES.

Ila FIFA ikikufunga, inakufunga na kukuonyesha. Katika zile za PS3 na PS4, aliyefunga anamwendesha mchezaji wake akashangilie anavyotaka, kisha yanakuja marudio, na mpinzani mwenye roho ngumu anakataa kubonyeza yapite. Halafu kuna suala la mbio. Ukikutana na mtu aliyechukua winga mwenye kasi, atakufunga goli lilelile mara nne. Kwenye benchi letu waliofungwa mabao sita au saba walitokana na FIFA, na hao ndio waliotoweka wiki nzima.

Jambo moja kwa shem siku atakapopanda hadi PS4: Ultimate Team, iliyoanza kwenye FIFA 09, inamwuzia mtoto pakiti za wachezaji asizojua ndani yake kuna nani. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba mauzo ya namna hiyo ni kamari, na EA ikaacha kuuza pointi za FIFA huko Januari 2019. Namba ya M-Pesa ya mzazi isikae karibu na mashine hiyo.

Uamuzi wangu: kwenye PS2, PES 6 au PES 2013, bila kusitasita. Kwenye mashine za baadaye, FIFA, hasa kwa yule msichana wa miaka 11, ambaye najua anaipenda soka kuliko kaka yake. FIFA 16 ndiyo ya kwanza iliyoweka timu za taifa za wanawake, 12 kwa jumla, na ningetaka acheze akiwaona.

Tekken 3 na Mortal Kombat

Hizi mbili ni gemu za kupigana ana kwa ana, na hazihitaji maneno mengi, kwa sababu kwa kipimo changu jibu liko wazi.

Mortal Kombat ilitoka 1992, kazi ya Ed Boon na John Tobias, na damu yake ilizua kelele kubwa Marekani kiasi kwamba ni mojawapo ya sababu zilizofanya kuundwe bodi ya kupanga gemu kwa umri, mwaka 1994. Kwenye PS2 utaipata Deception ya 2004 na Armageddon ya 2006. Ni gemu nzuri, sisemi vingine. Lakini mwangalie aliyeshindwa. Mtu wake anabaki amesimama, anayumba, hawezi kujikinga, wakati mshindi anatafuta mpangilio wa vitufe wa kumkatakata. Aliyeshika pedi ya pili mara nyingi hana la kufanya ila kutazama. Nimewaona watu wazima wakigeuza uso.

Tekken 3 ilifika PlayStation 1998, na PS2 inaisoma CD yake vizuri. Vitufe vyake ni mwili wa mtu: mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, ekisi mguu wa kushoto, mviringo mguu wa kulia. Ukishaelezwa hivyo, umeshajua nusu ya gemu. Na ndani yake kuna Eddy Gordo, Mbrazili anayepigana kwa capoeira, ambaye mgeni asiyejua chochote akiponda vitufe viwili vya miguu anazunguka kama pia na kumwangusha bingwa wa mtaa. Mabingwa walimchukia Eddy. Mimi nilimpenda, kwa kuwa ndiye aliyewafanya akina dada waliokuja kuwaita kaka zao nyumbani wakae benchi kidogo na kushinda mechi yao ya kwanza. Baada ya mwezi mmoja mtu huyohuyo anagundua kwamba Eddy peke yake hatoshi, anahamia kwa Hwoarang au kwa King mwenye kichwa cha chui, na hapo ndipo safari inapoanza. Ukishindwa, raundi inakwisha kwa sekunde chache, unasema "tena," na mnaanza.

Tekken 3, basi, kwa nyumba yenye watoto watatu wa umri tofauti. Tahadhari moja ya kiufundi: gemu za PlayStation ya kwanza hazihifadhi kwenye memori kadi ya PS2. Zinataka kadi yake ya zamani. Bila hiyo, kila ukizima unapoteza wahusika uliowafungua, na kuwafungua wote ni kazi ya siku kadhaa.

San Andreas na Most Wanted

Kifungua mimba ameshaiulizia San Andreas, ile ya Grand Theft Auto, kwa jina. Alijua tu.

Nitasema ukweli: ni gemu ya watu wazima, yenye bunduki, matusi na madawa, na shem ndiye atakayeamua, si mimi. Lakini siwezi kujidai kwamba haikuwa gemu iliyokaa ndani ya watu kuliko zote. Ilitoka Oktoba 2004. CJ anarudi nyumbani Los Santos mwaka 1992 kumzika mama yake, anakuta mtaa umevunjika. Halafu unatoka mjini. Hiyo ndiyo siri yake: unatoka mjini kwa baiskeli au kwa gari, na nchi inabadilika. Nyumba zinapungua, kuna mashamba, kuna mlima, ukungu, jangwa, mji mwingine. Aliyewahi kupanda matatu asubuhi kutoka Kisumu kwenda Nakuru anaijua hali hiyo: tambarare za mpunga za Ahero, kisha majani ya chai ya Kericho, kisha baridi ya Mau Summit inayokufanya ufunge dirisha. Ni gemu chache zinazokupa hisia ya njia ndefu.

CJ akiuawa anaamka hospitali, silaha hana, pesa kidogo zimepungua, na dunia iko palepale inamngoja. Ni upole mkubwa. Ukatili wake uko kwingine: kwenye PS2 haijihifadhi yenyewe. Lazima urudi nyumbani kwako, uingie kwenye alama ile ya disketi inayozunguka, uhifadhi. Tulikuwa na mteja mmoja fundi viatu, alilipa kwa saa, shilingi 60, kila Jumapili jioni. Ile kazi ya kufukuza treni kwa pikipiki, Big Smoke amekaa nyuma anapiga risasi, ilimshinda Jumapili tatu. Ya nne akapita. Tukapiga makofi. Akawa anaendesha kurudi nyumbani akahifadhi, polepole, anasimama kwenye taa kama mtu mwenye leseni, na stima ikapotea mtaa mzima. Tulikaa gizani. Hakusema neno. Kaka yangu alimrudishia shilingi zake 60, akazikataa, akasema, "Njia nimeshaijua." Jumapili iliyofuata alipita mara ya kwanza.

Pale kibandani pia palikuwa na daftari la kurasa 48 lililoandikwa mfululizo wa vitufe vya siri kwa kalamu za rangi tofauti, na kila mteja aliyetoka safari aliongeza mstari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umechafuka kwa vidole: R1, R2, L1, ekisi, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Hiyo ilikupa afya, kinga na dola 250,000. Wengi wetu mfululizo huo tutaukumbuka hata tukiamshwa usingizini.

Need for Speed: Most Wanted ya 2005, gemu ya mbio za magari, ndiyo ninayompendekezea kijana huyu. Mwanzoni kabisa unapewa BMW M3 GTR ya kijivu na buluu, unaizoea, halafu inaharibiwa kwa hila na kuchukuliwa na mtu anayeitwa Razor. Kuna wapinzani 15 kwenye orodha, unawapanda mmoja mmoja mpaka umfikie yeye na gari lako. Sijaona gemu nyingine inayokupa sababu rahisi na yenye nguvu namna hiyo: nataka gari langu. Polisi wakikukamata unalipa faini na gari linaandikiwa alama. Alama zikijaa, linachukuliwa. Kwa hiyo kushindwa kunauma, lakini kunakuja kwa hatua, na kila hatua unaiona. Hakuna bunduki, na mama yake akipita sebuleni hatakuwa na la kusema.

Na zile za simu

Kijana ana simu, kwa hiyo hili litakuja tu. Kuna zile za kupigana risasi mpaka abaki mmoja. Free Fire ya 2017 ina wachezaji 50 kwa mechi na inachukua takribani dakika 10. PUBG Mobile ya 2018 ina 100 na inaweza kufika nusu saa. Free Fire haihitaji simu kali. Kwa bando la mwanafunzi, Free Fire. Lakini hesabu walioshindwa: katika kila mechi ya mtu mmoja mmoja ni 49, au 99, na hakuna anayemjua mwenzake. Hakuna wa kukwambia "tena." Zicheze kwa vikosi, na watu unaowajua.

Kama ni simu, heshima yangu bado iko kwa yule nyoka wa kabambe, simu ndogo za vitufe. Taneli Armanto alimtengeneza kwa ajili ya Nokia 6110 ya mwaka 1997, na shangazi yangu wa Luanda aliyekuwa akiuza samaki alimcheza akisubiri wateja kwa miaka mingi. Ukijigonga mkia unajua ni wewe. Unabonyeza kitufe kimoja, unaanza upya, na samaki bado wapo.

Nilichomtuma shem

Nimepeleka kifurushi stejini Jumatano, kikaenda na matatu ya saa nne. Ndani kuna PES 6, Tekken 3, Most Wanted, na memori kadi moja ya PlayStation ya kwanza niliyoitafuta siku mbili Kibuye. TV game ya mdogo atainunua mwenyewe kule. San Andreas sikuiweka, nimemwachia aamue, ila daftari nimelitia ndani ya kifurushi kwa sababu kwangu linakaa tu sandukuni.

Usiku wa Alhamisi ujumbe umekuja, sio kutoka kwa shem. Ni yule msichana, kwa simu ya babake: "Mbona nikibonyeza mviringo mpira unaenda juu?"